Ile 6 niliyomwachia nesi

"Kaka, kwa siku 7 zilizopita, kwa ujumla, maumivu yamekuvuruga usingizi kiasi gani? 0 ni hayajakuvuruga hata kidogo, 10 ni yamekuvuruga kupita kiasi."

Nesi alikuwa ameinamia karatasi, kalamu mkononi. Nyuma yangu wenzangu wanne walikuwa wakisubiri zamu. Nikasema 6.

Akaandika 6, akahamia kwenye presha.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni nikijisukuma kwenye kiti changu cha magurudumu ndipo swali likanigeukia. Hiyo 6 nimeitoa wapi? Sikuwa nimehesabu kitu. Sikuwa nimekumbuka hata usiku mmoja katika hizo siku 7. Nilitia mkono mfukoni, na sarafu iliyotangulia kugusa kidole ndiyo niliyoitoa.

Hii ni wiki ya tano, na ile 6 bado imenikaa kooni.

## Maswali matatu

Wengi mnaosoma hapa, mlioumia uti wa mgongo kama mimi, hamhitaji kuelezwa jinsi mguu usiosikia kisu unavyoweza kuwaka moto usiku kucha. Tuliruke hilo. Niseme tu kwamba mimi ninayo maumivu ya aina tatu: bega la kulia, linalolipa deni la kusukuma kiti, mshipi unaobana tumboni, pale hisia zangu zinapokomea, na moto wa nyayo. Bega ni suala la misuli na viungo. Hayo mengine mawili ni ya neva zenyewe.

Maswali aliyoniuliza nesi hayakutungwa siku hiyo. Seti ya msingi ya kimataifa ya kukusanya taarifa za maumivu kwa watu walioumia uti wa mgongo ilichapishwa mwaka 2008, na toleo la pili likatoka 2014. Katika toleo hilo la pili unaeleza maumivu yanayokusumbua zaidi, hadi matatu, kila moja na mahali pake, aina yake na ukali wake. Kisha yanakuja maswali matatu ya athari: shughuli za kila siku, hali ya moyo, usingizi. Kila moja 0 hadi 10, kwa wiki iliyopita.

Basi, karatasi imekwisha.

Ufupi huo naupenda, na sitaki mtu adhani nimekuja hapa kuidharau hojaji. Mwaka wangu wa kwanza niliwahi kupewa ile nyingine maarufu, ambayo chimbuko lake ni wagonjwa wa saratani. Hiyo inauliza athari katika maeneo 7, na mojawapo ni kutembea. "Maumivu yameathiri kutembea kwako kiasi gani?" Nikamwambia aliyekuwa ananisomea: hapo, dada, maumivu nayaondolea lawama. Tulicheka wote wawili. Baadaye nilikuja kujua kwamba watafiti wa majeraha yetu walishaliona hilo, wakabadilisha swali liwe la uwezo wa kwenda huku na huko. Kwa hiyo wapo wanaotufikiria.

Lakini tazama jambo hili. Maumivu yangu yanaandikwa mojamoja, kila moja na safu yake. Usingizi unaulizwa mara moja kwa yote. Bega huniamsha ninapogeukia upande wake. Nyayo hazisubiri nigeuke. Huanza kuwaka nyumba ikinyamaza. Mshipi una ratiba yake ambayo haujawahi kunipa nakala. Nikitoa 6 moja, nimemshitaki nani?

## Nani kaniamsha?

Hapo ndipo ninapokwama. Swali haliulizi umelalaje. Linauliza maumivu yamefanya nini kwa usingizi wako. Yaani niwe shahidi na hakimu wa kesi iliyotokea gizani, na shahidi mwenyewe alikuwa amefumba macho.

Saa 8 usiku nimezinduka. Miguu imekaza na inaruka yenyewe. Kibofu kimejaa, mpira wa mkojo unanisubiri. Ni saa ya kugeuka vilevile, maana vidonda vya mgandamizo havina huruma. Nyayo zinawaka. Na ukishaamka unakumbuka kila deni ulilo nalo.

Nani kaniamsha?

Ninachokisikia kwanza ni nyayo, kwa sababu ndizo zenye kelele kuliko wote. Asubuhi nitasema ni maumivu. Lakini pengine ni misuli iliyokaza iliyonitoa usingizini, na maumivu yakanikuta nimeshaamka. Sina namna ya kujua. Kosa la kulala ni hilo: ukiwa ndani yake huoni anayebisha hodi.

Kesi ya rafiki yangu ni ngumu zaidi. Yeye aliumia shingo. Kuna usiku anaamka jasho linamtoka usoni, kichwa kinagonga kama ngoma, presha imepanda ghafla. Mara nyingi chanzo ni kibofu kilichojaa au mpira uliojikunja, jambo ambalo mwili wake umelipokea kama hatari lakini habari yake haikumfikia kichwani. Walioumia kuanzia sehemu ya juu ya kifua kwenda juu wanaijua hali hiyo, na wanajua ni ya kuwahi, si ya kungojea asubuhi. Sasa mwulize: maumivu yamekuvuruga usingizi kiasi gani? Chini kule kuna kitu ambacho kingemuuma mtu mwingine. Kimemwamsha yeye bila kumuuma.

Aseme 0?

## Saa inayopongeza

Wapo watakaosema, acha kumuuliza mtu, mvalishe kifaa. Rafiki huyohuyo alipewa zawadi ya saa ya mkononi inayopima usingizi. Asubuhi moja akaniletea simu nione: saa 9 za usingizi, na ujumbe wa pongezi. Usiku ule alikuwa ameutumia kuhesabu mbao za dari.

Saa za namna hiyo hutegemea sana mtikisiko wa mkono. Mkono ukitulia, umelala. Yeye mikono yake haitikisiki hata akiwa macho makavu. Kwa hiyo anasifiwa kwa kupooza.

Na kwake kuna jambo lingine la chinichini. Ubongo ukitaka kutoa melatonini, ile homoni ya usiku, ujumbe haupiti njia ya mkato ndani ya kichwa. Unashuka kwenye uti wa mgongo hadi sehemu ya juu ya kifua, unatoka nje, unapanda tena shingoni, ndipo unafika kwenye tezi inayoitoa. Uti ukikatika kabisa shingoni, barabara hiyo imekatika, na usiku ile homoni haipandi kama ya watu wengine. Ukijumlisha na kukosa hewa usingizini, ambako ni kwingi kwa walioumia shingo, unapata mtu mwenye sababu tatu au nne za kukesha kabla hata hajaanza kuumwa.

Kifaa hakijui lolote kati ya hayo. Mimi najua machache, na ndiyo maana mwishowe bado naona afadhali kuulizwa.

## Kulala si kusinzia

Kuna shida nyingine ambayo ni ya lugha, na kwa kweli inanifurahisha kuliko kuniudhi. Kiswahili kinasema kulala kwa mtu aliyejinyoosha kitandani na kwa mtu aliyezama usingizini. Ukiniuliza "umelala saa ngapi?" nitakujibu saa 4, kwa sababu ndipo nilipohamishwa kutoka kwenye kiti. Usingizi wenyewe umenijia saa 9. Nimelala vizuri sana, kwa mikunjo yote na mito yote mahali pake. Sijapata usingizi. Vyote viwili ni kweli, na anayejaza fomu anachukua kimoja.

Hali ya moyo ndiyo balaa zaidi. Mara ya kwanza kuulizwa "maumivu yameathiri vipi hali ya moyo wako" nilidhani tumeshahamia kwenye mapigo. Nikajibu kwamba moyo hauna tatizo, walinipima. Nesi akaandika 0, nami nikaenda zangu nikiwa na 0 ya furaha ambayo sikuistahili. Ilikuwa wiki niliyokuwa sipokei simu ya mtu.

Hata nikilielewa swali, jibu halikai kwenye mstari mmoja. Moyo mzito si sawa na moyo uliovunjika, na hasira ya saa 12 asubuhi si sawa na uchovu wa kutotaka kuzungumza jioni. Moto wa nyayo hunipa hasira. Bega hunipa woga, maana bega likifa, nani atasukuma kiti? Mshipi haunipi kitu, nimeuzoea. Ukiviweka vyote kwenye namba moja ni kama kupima kwa lita kitu kilichokuja kwa mita.

Halafu kuna ile fomu ya sonona yenye maswali 9, kila moja 0 hadi 3, jumla 27, na ukifika 10 wanaanza kukutazama kwa jicho jingine. Inauliza kuhusu wiki 2 zilizopita. Moja ya maswali yake ni usingizi. Jingine ni uchovu. Jingine ni kusogea au kuongea polepole kiasi kwamba watu wengine wamegundua. Wamegundua, ndiyo, huwa wananishikia mlango.

Kukosa usingizi ni dalili halisi ya sonona, sibishi. Ninachosema ni kwamba usiku mmoja mbaya umehesabiwa kwangu mara mbili: kwenye karatasi ya usingizi, kisha ndani ya karatasi ya moyo. Halafu mtu akizilinganisha karatasi hizo mbili atashangaa jinsi usingizi na moyo "vinavyohusiana". Baadhi ya uhusiano huo ni kwamba ni swali lilelile.

## Daftari

Wiki ya pili ya kusumbuka nilinunua daftari. Nilijiwekea sheria tatu. Asubuhi kabla ya kushika simu, namba ya usingizi. Jioni kabla ya dawa, namba ya maumivu, bega peke yake, mshipi peke yake, nyayo peke yake. Na neno moja la moyo, lisiwe namba.

Siku ya kwanza neno lilikuwa "upuuzi". Nadhani nilikuwa nalisema daftari lenyewe.

Baada ya siku 7 nilitulia nikajiuliza swali la nesi kabla ya kufungua kurasa. Jibu likaja lenyewe: 6. Nikafungua. Wastani wa siku 7 ulikuwa 4. Siku tano zilikuwa za 3 na chini yake. Usiku mbili ndizo zilizokuwa mbaya, moja 8, nyingine 9, na hiyo ya 9 ilikuwa juzi yake.

Kwamba kumbukumbu hushika kilele na mwisho na kusahau urefu si jambo nililoligundua mimi. Watafiti Redelmeier na Kahneman walilionyesha mwaka 1996 kwa wagonjwa waliochunguzwa utumbo. Nilichokuwa sikijui ni jinsi inavyokera kulikuta jambo hilo kwenye mwandiko wako mwenyewe.

Mwanzoni niliona nimedanganya. 4 ndiyo kweli, 6 ni kuongeza chumvi.

Siku chache baadaye nikageuza mawazo. Wiki ile ilikuwa imeharibiwa na usiku hizo mbili. Niliahirisha safari, nilimfokea mtoto, nilishindwa kumaliza kazi ya watu. Zile tano nzuri hazikurudisha chochote kati ya hivyo. Kama swali ni maumivu yamevuruga maisha yangu kiasi gani, 6 ina haki yake. Wastani ni hesabu, lakini hakuna mtu aliyewahi kulala usiku wa wastani.

Mpaka leo sijachagua kati ya 4 na 6. Na hilo si jambo dogo, kwa sababu kwenye majaribio ya dawa ukali wa maumivu ukishuka kwa pointi 2 hivi, au kwa 30 kwa 100, huhesabiwa kuwa ni nafuu ambayo mgonjwa mwenyewe anaiona. Pointi 2 ndizo zilizopo kati ya kumbukumbu yangu na daftari langu. Naweza kupona kwa kubadilisha namna ya kukumbuka.

Wiki ya tatu ya daftari ndiyo iliyonibadilisha. Muda wote niliamini mstari unakwenda hivi: maumivu, kisha kukesha, kisha moyo kuharibika. Ndivyo hata swali linavyosema, maumivu yanavuruga. Nikaanza kusoma kurasa kwa kurudi nyuma. Jioni yenye maumivu makali haikutabiri sana usiku uliofuata. Mara nyingine nililala kama gogo. Lakini asubuhi ya usingizi mbovu, tena hata ule ulioharibiwa na kitu kingine kabisa, mbwa wa jirani au mpira wa mkojo, jioni yake nyayo zilikuwa 7, 8. Karibu kila mara.

Daftari la mtu mmoja si utafiti. Hata hivyo tathmini ya tafiti za maumivu kwa ujumla iliyochapishwa 2013 ilisema kitu cha aina hiyo: usingizi mbovu hutabiri maumivu ya baadaye kwa uhakika zaidi kuliko maumivu yanavyotabiri usingizi. Nilipoisoma nilihisi kama mtu aliyekuwa anamlaumu mwizi wa kuku miaka mingi kumbe mlango wa banda haufungi.

Hojaji haina pa kuandika hilo. Mshale wake unaelekea upande mmoja.

## Namba ya pembeni yangu

Nikamwuliza mke wangu, bila kumwonyesha daftari. Wiki hii, maumivu yamenivuruga usingizi kiasi gani?

"Nane."

Nikamwambia nimeandika 4.

"Baba watoto, wewe hujisikii unavyogugumia usiku. Mimi ndiye ninayekesha."

Sikuwa na la kujibu. Anageuka nami, anasikia miguu ikiruka, anaamka kabla yangu. 8 yake huenda ni usingizi wake yeye. Au labda mimi naamka mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Au labda nimezoea, nikasogeza kipimo bila kujua, na 4 yangu ya leo ni 8 ya yule mtu niliyekuwa mwaka wa kwanza.

Kuna sababu nyingine ambayo ni aibu kuisema, lakini tuko kwetu. Nilishawahi kupunguza namba makusudi. Niliposema 8 dozi iliongezwa, na siku mbili zilizofuata nilikuwa nasinzia hadi mezani. Tangu hapo, nikiulizwa, nusu ya akili inafikiria maumivu na nusu nyingine inafikiria kidonge. Jaribio la pregabalini, dawa ya maumivu ya neva, lililofanyika Australia kwa watu wenye majeraha yetu, likachapishwa 2006, lilionyesha maumivu yakipungua, usingizi ukiboreka na wasiwasi ukishuka. Na tatizo lililolalamikiwa zaidi lilikuwa kusinzia. Dawa inasaidia, naimeza mwenyewe. Ila usingizi ukiboreka, nimepungukiwa na maumivu au nimelazwa na dawa? Namba itakuwa ileile, na mimi nitakuwa watu wawili tofauti asubuhi.

## Jumatatu

Juzi Jumatatu nilirudi. Nesi yuleyule, karatasi ileile, foleni ndefu kuliko ya mwanzo. Nilikuwa na daftari mapajani, na hotuba nzima kichwani kuhusu mshale na wastani na kilele.

"Kaka, kwa siku 7 zilizopita, maumivu yamekuvuruga usingizi kiasi gani?"

Hotuba ikayeyuka. Nikamwambia: "Dada, usiku tano ni 2, usiku mbili ni 9. Na sina hakika kama ni maumivu."

Akainua kichwa. Nilitarajia achoke nami, angekuwa na haki.

"Kwani unadhani ni nini?"

Miaka yote hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza misuli inayokaza kuanzia saa 8, na jinsi asubuhi mbovu inavyoleta jioni mbovu. Akauliza dawa ya misuli naimeza saa ngapi. Saa 12 jioni, nikasema. Akatazama saa ya ukutani kama mtu anayehesabu, akachukua kalamu.

Kwenye kisanduku akaandika 5. Pembeni, kwenye nafasi nyeupe isiyo na swali, akaandika mstari mzima kwa ajili ya daktari, herufi ndogo sana zikapanda hadi juu ya karatasi kwa kuwa pembezoni palikuwa pembamba.

"Haya," akasema. "Na hali ya moyo? Sizungumzii mapigo."